Wajukuu wakiondoka, saa ya nyumba isisimame

Shule zetu hufungwa mara tatu kwa mwaka: Aprili, Agosti na mwishoni mwa mwaka. Kila likizo watoto wengi hufungashwa virago na kupelekwa kwa nyanya na babu zao, wengine mashambani, wengine mtaa wa pili tu katika mji ule ule. Juu ya safari ya kwenda husemwa mengi: nauli, mizigo, nani atawasindikiza. Ni machache mno yanayosemwa juu ya asubuhi ya kwanza baada ya watoto kurudi makwao.

Asubuhi hiyo nyanya hukuta sufuria kubwa imeoshwa na kufunikwa, na hakuna wa kupikiwa. Babu humwita mjukuu amletee miwani, kisha hukumbuka kwamba hayupo. Nyumba ambayo kwa majuma matatu haikuwa na pahali pa kukaa imekuwa kubwa ghafla.

Somo letu wiki hii linahusu kimya hicho na afya ya mzee anayeachwa nacho. Jambo la msingi ninalotaka msomaji alishike ni hili: wajukuu wanapoondoka, kinachoondoka si kelele peke yake. Huondoka pia saa ya nyumba, yaani ule mpangilio wa kula, kulala, kutembea na kumeza dawa ambao watoto waliuleta bila ya mtu yeyote kuutambua. Huzuni mzee anaweza kuivumilia, kwa maana amekwisha kuzivumilia nyingi maishani. Lakini mwili wake hauwezi kuvumilia kwa muda mrefu kukosa chakula, maji, mwendo na dawa. Kwa hivyo, huzuni iachwe ifuate mkondo wake, lakini saa ya nyumba itiwe ufunguo mapema.

Hili si jambo la watu wachache. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba Wakenya waliotimu umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa kama milioni 2.7. Miongoni mwa wale wanaofika katika kliniki yangu, wengi humeza dawa za kila siku, hasa za presha na kisukari. Hao ndio hasa ninaowaandikia, pamoja na watoto wao mnaosoma gazeti hili mjini.

WATOTO NI SAA

Hebu tutazame siku moja ya kawaida wakati nyumba ina watoto. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mdogo wao ameamka na anataka uji. Nyanya anapika, naye anakunywa kikombe pamoja nao. Saa saba ni chakula cha mchana, kwa kuwa watoto hawangoji. Alasiri anatoka nje mara kumi kuangalia kama wamekwenda barabarani. Jioni anasonga ugali wa watu sita. Saa tatu usiku anawaamuru walale, naye analala kwa uchovu wa haki. Dawa yake ya presha haisahau, kwa sababu mjukuu wa gredi ya nne amepewa kazi ya kumletea kila asubuhi pamoja na kikombe cha maji.

Watoto wakishaondoka, kila kimoja kati ya hivyo hupoteza sababu yake. Kusonga ugali wa mtu mmoja huonekana kuwa ni kupoteza kuni au gesi, basi mzee anajinywea chai. Hakuna wa kumfuata nje, basi anakaa kitini. Kwa kuwa amesinzia mchana, usingizi wa usiku hauji. Akiamka saa nne asubuhi, dawa ya saa moja imempita, na hajui kama aimeze au aiache mpaka kesho. Baada ya siku kumi analalamika kwamba miguu imelegea, kichwa kinazunguka na moyo hauna raha. Jamaa wanasema, "Amewakumbuka watoto." Ni kweli amewakumbuka, lakini pia hajala.

HUZUNI ILIYO YA KAWAIDA

Kwanza tuondoe hofu. Mzee kulia siku ambayo wajukuu wanaondoka si ugonjwa. Kuingia katika chumba walicholala na kukaa kidogo kitandani si ugonjwa. Kukosa hamu ya kula siku mbili tatu, kuota ndoto zao, au kupika chakula kingi kwa makosa, yote hayo ni ya kawaida. Kwa wengi huanza kupungua siku chache baadaye, na kufikia juma la pili mzee amerudia kazi zake, ijapokuwa bado anawataja.

Kuna pia jambo ambalo wazee huniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba ni dhambi: wengine hupumua watoto wanapoondoka. Magoti yanauma, mgongo umechoka kubeba, na pesa za sukari zimekwisha. Mzee anaweza kulia mlangoni asubuhi, kisha alasiri akafurahi kuketi na kikombe cha chai bila ya kuitwa na mtu. Mambo haya mawili hayapingani. Kuchoka na wajukuu si kutowapenda, na mzee asijilaumu kwa hilo.

Lugha yetu ina maneno mawili yanayofaa kutofautishwa hapa, upweke na ukiwa. Upweke ni kuwa peke yako, na wapo wazee wanaoupenda. Ukiwa ni hali ya kujiona umeachwa, na unaweza kumpata mtu hata akiwa katikati ya umati. Robert Weiss, mtaalamu wa Marekani wa elimu ya jamii, aliandika kitabu mwaka wa 1973 akieleza kwamba kumkosa mtu fulani wa karibu ni tofauti na kukosa jamii ya watu, na kwamba dawa ya jambo moja haiponyi jingine. Ndiyo maana haifai kumwambia nyanya, "Lakini una wenzako kanisani," au, "Si una majirani?" Muulize badala yake ni nani hasa anayemkumbuka. Mara nyingi utaona kwamba kati ya watoto watano waliokuja, ni mmoja tu ambaye kimya chake ndicho kinachouma. Huyo ndiye wa kumpigia simu kwanza.

KISA CHA MAMA MWENYE KISUKARI

Nitaeleza kisa kimoja ili msomaji aone hatari yenyewe. Mama wa umri wa miaka 71 aliletwa kliniki na bintiye katika juma la pili la Januari. Binti alieleza kwamba tangu watoto warudi Nairobi mama amekuwa akikaa kimya, akijibu maswali kombo, na alasiri akilia bila sababu. Jamaa walikuwa wameamua kwamba ni majonzi, na mmoja wao alikwisha kupendekeza arudishiwe mtoto mmoja aishi naye.

Nilipomuuliza mama alikula nini jana yake, alisema alikunywa chai ya rangi na kula kipande cha muhogo asubuhi, basi. Nilipomuuliza kuhusu dawa, alijibu kwa fahari kwamba hajakosa hata siku moja. Dawa yenyewe ilikuwa glibenclamide, ambayo huulazimisha mwili kutoa insulini zaidi, mtu awe amekula au hajala. Tulipopima sukari yake saa nane mchana, mashine ilionyesha 2.8. Kwa mtu anayetumia dawa ya kisukari, kipimo kilicho chini ya 4 ni cha hatari.

Mama huyu alikuwa na huzuni, ndiyo. Lakini kutetemeka, kutoka jasho jembamba, kusema kombo na kulia alasiri vilikuwa vimesababishwa na sukari iliyoshuka. Wakati wa likizo alikuwa akila mara tatu pamoja na wajukuu, na dawa ilikuwa na chakula cha kufanyia kazi. Chakula kilikoma, dawa ikaendelea. Tulimbadilishia dawa, tukamwandikia saa za kula, na bintiye akazungumza na jirani. Angaliendelea vile, huenda angalipoteza fahamu usiku akiwa peke yake.

Ukimwona mzee mwenye kisukari akitetemeka, akitoka jasho, akichanganyikiwa au akibadilika tabia ghafla, fanya hivi. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Ngoja dakika 15, umpime tena kama una mashine. Kama bado hajapata nafuu, rudia. Akishapata nafuu, mpe chakula halisi kama vile ugali, mkate au ndizi, kisha mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, kwa maana dawa za aina hii zinaweza kuishusha sukari tena baada ya saa chache. Kama amepoteza fahamu, usimtie chochote kinywani. Mlaze kwa ubavu na umkimbize hospitali.

Ni vizuri niongeze kwamba mzee asiache wala kupunguza dawa kwa uamuzi wake mwenyewe baada ya kusoma haya. Aende aulize.

MAGONJWA YANAYOJIFICHA NYUMA YA KIMYA

Kisukari si peke yake. Yako mambo mengine manne ambayo hutokea baada ya wageni wadogo kuondoka, na ambayo watu huyadhania kuwa ni majonzi.

La kwanza ni maradhi ya kifua. Watoto huja na mafua na kikohozi, wakapona kwa siku tatu, na kumwachia mzee. Homa ya mapafu kwa mtu wa umri mkubwa haiji kila mara na homa kali na kikohozi kikubwa kama kwa kijana. Huenda dalili zikawa tu kulegea, kukataa chakula, kupumua haraka na kuchanganyikiwa. Mzee aliyekuwa akizungumza vizuri Jumapili na Jumatano hajui ni siku gani, huyo si mtu anayewakumbuka wajukuu. Huyo ni mgonjwa, na anahitaji hospitali siku hiyo.

La pili ni presha ya damu. Likizo, hasa ya Krismasi, huja na nyama, vyakula vya kukaangwa na chumvi nyingi, na katika shughuli zote hizo dawa huweza kurukwa. Ni vyema mzee apimwe presha katika juma la kwanza baada ya wageni kuondoka. Ikiwa ni 140 kwa 90 au zaidi, na ikipimwa tena inabaki hapo, amwone daktari. Akiwa na maumivu ya kifua, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, mdomo uliopinda au ulimi mzito, asingoje kupimwa. Apelekwe hospitali mara moja.

La tatu ni maji. Mtu akizeeka kiu yake hupungua, hata mwili ukiwa umekauka. Watoto walipokuwapo maji yalikuwa yakiletwa na kunywewa kila mara. Baadaye mtungi hukaa umejaa mpaka jioni. Ukavu wa mwili huleta kizunguzungu, kufunga choo na hata kuchanganyikiwa. Mzee ambaye daktari hajamkataza maji mengi kwa sababu ya moyo au figo, awe na kikombe karibu naye mchana kutwa.

La nne ni masikio. Uzee hupunguza usikivu, na kwa kawaida huanza na sauti nyembamba za juu, kama vile za watoto wadogo. Wajukuu huzoea kumpigia babu kelele sikioni, na yeye hujiona anasikia. Wakiondoka, watu wazima huzungumza kwa sauti ya kawaida, na nyumba inakuwa kimya kuliko ilivyo. Ikiwa redio sasa inafunguliwa kwa sauti inayowafikia majirani, mpeleke akatazamwe masikio. Wakati mwingine ni nta tu iliyoziba, ambayo muuguzi anaweza kuiondoa. Asichokore kwa kijiti cha kiberiti wala pini ya nywele.

SIKU 14

Sasa tuje kwenye huzuni ambayo imevuka mpaka. Madaktari hutumia kipimo cha majuma mawili. Hii si kwa sababu siku ya 15 ina siri yoyote, bali kwa sababu majonzi ya kawaida huja na kuondoka, ilhali ugonjwa wa mfadhaiko hukaa karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa majuma mawili au zaidi.

Kuna maswali mawili ambayo hata mtu asiye daktari anaweza kumuuliza mzazi wake. Katika majuma mawili yaliyopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Na ni mara ngapi umejiona mwenye huzuni, au umekata tamaa? Mzee akijibu kwamba ni siku nyingi kwa mojawapo ya maswali hayo, yafaa aonwe na daktari. Haina maana kwamba hakika ni mgonjwa, bali kwamba inafaa atazamwe kwa makini.

Uliza lakini usikie kwa masikio mawili. Wazee wetu wengi hawatasema, "Nina huzuni." Watasema kifua kinabana, mwili umekufa ganzi, tumbo halitulii, au usingizi unakatika saa tisa usiku na haurudi. Wengine huanza kusahau mambo, jamaa wakadhani ni akili za uzeeni. Wengine hukataa hata simu ya yule mjukuu waliyekuwa wakimlilia. Hiyo ya mwisho ni dalili ambayo mimi huitilia maanani sana, kwa kuwa anayewakumbuka watoto kwa kawaida huikimbilia simu.

Mfadhaiko wa uzeeni unatibika. Kuna matibabu ya mazungumzo na kuna dawa. Dawa hizo huchukua majuma kadhaa kabla ya mgonjwa kuona nafuu, kwa hivyo asiziache siku ya tano akisema hazifai. Pombe si dawa ya kimya. Humlaza mtu mapema, ikamwamsha usiku wa manane akiwa na huzuni zaidi, tena huongeza hatari ya kuanguka.

Mzee akisema amechoka kuishi, au kwamba ingekuwa heri angefuata waliokufa, usimkemee wala usicheke. Muulize waziwazi kama ana mawazo ya kujidhuru. Kuuliza hakumtii mtu mawazo hayo. Kama anayo, asiachwe peke yake, dawa za kuulia wadudu na za kuogeshea mifugo ziondolewe nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyo.

NYANYA ALIYEKUWA MAMA

Kuna wazee ambao kwao kuondoka kwa mjukuu si mwisho wa likizo, bali ni mwisho wa miaka. Mtoto aliachwa na nyanya akiwa mchanga, mama yake akitafuta kazi mjini au ng'ambo. Baada ya miaka minane mama amejiweza, anakuja na gari, anamchukua mwanawe. Kwa ukoo huyu ni nyanya, lakini kwa mtoto na kwa moyo wake mwenyewe alikuwa mama. Majonzi yake yatazamwe kama ya aliyefiwa, wala siku 14 hazitoshi kuyamaliza.

Nawasihi wazazi wa namna hii mambo mawili. Kwanza, msimchukue mtoto kwa ghafla. Semeni tarehe mapema, mtoto aje mjini kwa siku chache kisha arudi, na siku ya kuhama ijulikane pia siku ya kumtembelea nyanya. Pili, msikate pesa. Fedha zilizokuwa zikitumwa kila mwezi kwa jina la mtoto ndizo zilizokuwa zikimlisha na nyanya. Zikikatika mwezi ule ule, mzee anapoteza mtoto na chakula kwa pamoja. Msaada wa serikali wa Inua Jamii ni Sh2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi waliosajiliwa, na mwenye kujua bei ya unga anajua hizo zinafika wapi. Tena kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mzee haki ya kutunzwa na jamaa yake pamoja na serikali. Jamaa ndiyo iliyotajwa kwanza.

KABLA GARI HALIJAONDOKA

Wewe mzazi unayekwenda kuwachukua watoto, usifike saa nne na kuondoka saa tano. Lala hapo usiku mmoja ukiweza, ufanye mambo yafuatayo.

1. Tazama dawa. Zihesabu zimebaki ngapi na zitakwisha lini. Ziunganishe na jambo ambalo mzee hulifanya kila siku hata akiwa peke yake, kama vile chai ya asubuhi au taarifa ya habari redioni. Ile kazi aliyokuwa akiifanya mjukuu ya kumletea dawa isiachwe bila mrithi.

2. Tazama jikoni. Mwachie mzee vyakula vya kupika kidogo kidogo: mayai, ndengu au maharagwe yaliyokwisha chemshwa, mboga, matunda, na sufuria ndogo. Nimeona nyumba ambamo sufuria zote ni za watu kumi, na mzee anaona uvivu kuitia motoni kwa ajili yake peke yake.

3. Tazama njia. Ondoa vitu vya kuchezea, mikeka iliyokunjamana na kamba. Hakikisha kuna tochi kando ya kitanda na mwanga wa kuendea choo. Mzee akiwa peke yake kuanguka ni jambo zito, kwani huenda akalala sakafuni kwa saa nyingi.

4. Zungumza na jirani. Mkubaliane kwamba mlango au dirisha la mzee lisipofunguliwa kufikia saa tatu asubuhi, mtu atabisha hodi. Kwa wazee wanaokaa katika majumba ya ghorofa mjini, mlinzi au mtunzaji wa jumba anaweza kufanya kazi hiyo. Acha nambari yako ya simu.

5. Usimwachie mtoto awe dawa. Kuna desturi ya kumwacha mjukuu mmoja ili nyanya asikae peke yake. Kama mtoto mwenyewe anataka, shule iko karibu na nyanya ana nguvu za kumlea, ni jambo jema. Lakini mtoto asibebeshwe kazi ya kumponya mtu mzima, wala nyanya mgonjwa asiongezewe mtu wa kumtunza.

KWA NYANYA NA BABU

Nanyi wazee wangu, nawaomba haya kwa heshima. Kuleni pamoja na mtu angalau mara moja kwa siku katika juma la kwanza, hata kama ni chai kwa jirani. Amkeni saa ile ile mliyokuwa mkiamshwa na watoto. Msilale mchana kupita nusu saa.

Tembeeni. Shirika la Afya Ulimwenguni linapendekeza kwamba watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa juma, pamoja na mazoezi ya kuimarisha usawa wa mwili na nguvu siku tatu au zaidi. Dakika 150 ni kama kutembea nusu saa kwa siku tano. Mlikuwa mkizimaliza kwa kumfukuza mtoto mmoja tu uani. Anayeumwa na kifua au kukosa pumzi akitembea, amwone daktari kwanza.

Msikifanye chumba cha watoto kuwa kaburi. Fueni mashuka, fungueni madirisha, acheni kitu kimoja chao pahali pa kuonekana. Kama mlianza jambo pamoja nao, kama vile kitalu cha sukuma au kuku wawili, liendelezeni, ili siku ya simu pawe na la kueleza.

SIMU ISIYOKUWA YA "TUMEFIKA"

Wengi hupiga simu jioni ile kusema wamefika salama, kisha kimya mpaka mwisho wa mwezi. Mimi huwashauri wapange simu tatu: ya siku hiyo, ya siku ya nne, na ya mwisho wa juma la pili. Hiyo ya tatu ndiyo ya kuuliza yale maswali mawili. Baada ya hapo iwekwe siku moja kwa juma isiyobadilika. Kumbukumbu ya mzee hupumzika akijua kwamba Jumamosi jioni simu italia. Asipojua, hukaa akiitazama kila siku.

Kwa wenye wajukuu ng'ambo saa huwa tatizo, lakini si kubwa. Katika miezi ya kiangazi kule, saa mbili usiku Nairobi ni saa kumi na mbili jioni London na saa sita mchana Minneapolis. Kwa hivyo Jumamosi saa mbili usiku watoto wa pande zote wako macho.

Asizungumze mzazi peke yake. Mpe mtoto simu, na mwache nyanya atege kitendawili ambacho jibu lake litatolewa juma lijalo. Mtoto atakuwa na sababu ya kupiga, na mzee atakuwa na sababu ya kutafuta kingine. Pia muulize mambo yenye majibu: umekula nini leo mchana, maji umekunywa vikombe vingapi, dawa zimebaki ngapi. Ukiuliza "Hujambo?" tu, mzee mwenye adabu atajibu "Sijambo" hata akiwa hoi.

MSAADA ULIO KARIBU

Si lazima kila jambo lingoje safari ya mjini. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakapewa mikoba yenye vifaa, vikiwamo vya kupima presha na sukari, ili watembelee watu majumbani. Uliza katika zahanati au kwa mzee wa mtaa ni nani anayehudumu upande wa nyumbani kwenu, na umjulishe kwamba mzazi wako sasa anaishi peke yake.

Likizo inayofuata watoto watarudi, na sufuria kubwa itateremshwa tena. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba watamkuta nyanya akiwa na nguvu za kuiinua. Kwa hivyo, kama ulirudi mjini na wanao katika majuma mawili haya, umalizapo kusoma ukurasa huu mpigie mzazi wako simu. Muulize leo amekula nini.